Saa hizi janja zitamtumikia nani Garissa?

Kuna mabadiliko ambayo aghalabu hayaandikwi magazetini kwa sababu hayana kelele. Hapa Garissa mabadiliko ya namna hiyo yamo vifundoni mwa mikono ya watu. Zamani, wala si mbali sana, mtu aliyerejea kutoka Hija, au aliyekuwa akifanya kazi katika nchi za Ghuba, alijulikana kwa saa yake: ya chuma, nzito, ing'aayo juani hata ukaiona kabla hujamtambua mwenyewe. Siku hizi vijana wa Bula Iftin, makarani wa serikali ya kaunti, wauguzi, na hata madereva wa mabasi yaendayo Nairobi wanavaa kitu kingine kabisa. Ni kibamba cheusi cha kioo, kimefungwa kwa mkanda wa mpira, na hakionyeshi lolote mpaka mkono uinuliwe. Ndani ya Suuq Mugdi, soko ambalo jina lake lina maana ya soko la giza, vibamba hivyo vimepangwa pamoja na tochi, nyaya za kuchajia na tasbihi za plastiki, na vya bei ya chini kabisa vinapatikana kwa fedha zisizofika thamani ya mbuzi.

Hizo ndizo saa janja, saa zinazozungumza na simu bila ya waya. Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuivaa, nitaeleza kwa ufupi. Ndani ya saa mna redio ndogo, na ndani ya simu mna redio nyingine kama hiyo. Mbili hizi husikilizana kwa njia iitwayo Bluetooth, ambayo wahandisi wa kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, walianza kuitengeneza mwaka 1994, na ambayo ilipewa lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Sauti ya redio hizo haiendi mbali. Kwa kawaida ni kama mita 10, yaani kutoka mlangoni mwa duka hadi upande wa pili wa njia. Simu ikipokea ujumbe, saa hutetema. Mtu akipiga simu, jina lake hujitokeza kifundoni. Mwaka 2006 Sony Ericsson walikwisha kuuza saa ya namna hii. Pebble ikafuata kwa michango ya watu mwaka 2012. Nayo Apple ikaingia sokoni Aprili 2015. Baada ya hapo viwanda vya China viliziteremsha bei, na ndipo zilipotufikia sisi.

Sina ugomvi na chombo hiki. Namjua mtu asiyesikia vizuri ambaye kutetema kwa saa kumemrudishia mazungumzo na watoto wake walioko mbali. Wanawake wengi ambao simu zao hukaa mikobani chini ya buibui wameniambia kuwa zamani simu ilikuwa ikiita mpaka ikanyamaza wasijue; sasa mkono huwaarifu. Na katika Soko Ng'ombe, ambako ngamia, ng'ombe na mbuzi hununuliwa kwa makundi na vumbi halimruhusu mtu kufumbua macho, ni faraja kwa muuzaji kuinua mkono na kuona kwamba fedha zimeingia, bila ya kutoa simu mbele ya macho ya wezi.

Lakini hapo hapo pana mtego. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, matapeli wamejifunza kutunga ujumbe unaofanana na ule wa kweli. Katika kioo cha simu mtu mwangalifu hutambua udanganyifu, kwa kuwa huusoma ujumbe mzima na kulinganisha salio. Katika kioo cha saa, ambacho ni kidogo, ujumbe hukatwa. Huonekana neno la kwanza, jina na kiasi, basi. Mfugaji aliyefurahi huachilia kamba ya ngamia wake. Nawashauri wauzaji wa mifugo waendelee kuinua mikono yao kwa raha zao, lakini kamba isiachwe mpaka salio lenyewe limetazamwa simuni.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linanichekesha. Saa hizi zinajua mengi, lakini hazijui Kiswahili cha saa. Mtu husema ataondoka saa moja asubuhi, mkono wake unaonyesha 7:00, na wala hashtuki, kwa sababu tangu utotoni sisi sote tumezoea kusoma namba moja na kutamka nyingine. Hata simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili huandika 7:00. Na wa kulaumiwa hapa si Kiswahili. Garissa haifiki nusu digrii kusini mwa Ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kipupwe na kiangazi, na kwa hiyo kuhesabu saa tangu mapambazuko ni hesabu yenye akili zaidi kwa nchi hii kuliko ile iliyozaliwa katika nchi ambazo jua la Desemba huonekana kwa shida. Mtu wa London angeijaribu hesabu yetu angepotea. Mtu wa Garissa hapotei. Kifaa chake ndicho kinachopotea.

Yaliyo mazito zaidi ni yale ya sala. Hapa kwetu sifa ya kwanza ambayo muuzaji huitaja, kabla ya kusema lolote juu ya mapigo ya moyo au hatua, ni kwamba saa itakuadhinia. Ni kweli, nyingi zinaweza kufanya hivyo kwa programu iliyomo katika simu. Wanunuzi, hata hivyo, hawaelezwi kwamba saa haijui wakati wa sala. Hujua hesabu, na hesabu hutegemea mambo ambayo mtu aliye kiwandani aliyachagua kwa niaba ya mtu asiyemjua.

Tuchukue mfano wa mahali. Jua hupita digrii moja ya longitudo kwa dakika 4. Nairobi iko karibu digrii 36.8 mashariki, Garissa 39.6, Mandera karibu 41.9. Maana yake ni kwamba jua la Garissa hutangulia lile la Nairobi kwa kama dakika 11, na la Mandera hutangulia kwa kama 20, ingawa saa za ukutani katika miji yote mitatu zinasema mamoja. Mtu aliyenunua saa yake Eastleigh, ikawekwa Nairobi, kisha akapanda basi kuja kwao huku simu yake imezimwa kitafuta-mahali ili chaji isiishe, hubaki Nairobi bila ya kujua. Katika mwezi wa Ramadhani atafuturu dakika 11 baada ya jua lake kuzama. Hapo hana hasara ila njaa. Alfajiri ndiyo yenye hatari, kwani atakuwa bado anakula daku kwa utulivu ilhali alfajiri ya Garissa imekwisha kuingia. Majirani zake watakuwa wamefunga vinywa, naye anaitazama saa yake akiwaona wenye haraka.

Kisha pana mfano wa madhehebu. Programu hizi huwa na orodha ya namna za kupiga hesabu. Kuna zinazohesabu alfajiri tangu jua likiwa digrii 15 chini ya upeo wa macho, na kuna zinazoanza digrii 18, na nyingine 19 na nusu. Kati ya ile ya kwanza na hii ya mwisho, hapa Ikweta, pana tofauti ya dakika 18 au zaidi. Kwa alasiri tofauti ni kubwa kuliko hiyo. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio sisi walio wengi Kaskazini Mashariki na Pwani, huhesabu alasiri pale kivuli cha kitu kinapozidi kile cha adhuhuri kwa urefu wa kitu chenyewe. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa hungoja kizidi mara mbili. Baina ya nyakati hizo mbili hupita karibu saa nzima, na miezi mingine zaidi. Programu iliyotungiwa watu wa Pakistan huenda ikawekwa kwa hesabu ya Hanafi, na muuza duka wa Suuq Mugdi hana habari. Kwa hiyo mwenye saa mpya akiona kwamba mwadhini wa msikiti wake humtangulia kila siku kwa saa nzima, asimshitaki mwadhini.

Kibla nacho hutafutwa kwa dira ya saa, na hilo nalistaajabia kuliko yote. Makka iko longitudo ya 39.8 mashariki, nasi tuko 39.6. Mstari utokao Garissa kwenda kaskazini moja kwa moja ungepita karibu kabisa na Makka yenyewe, na jua la adhuhuri hufika katikati ya mbingu yetu na ya Makka likitofautiana kwa chini ya dakika moja. Miji michache sana duniani imepewa kibla chepesi namna hii. Mchunga ngamia anayeijua kaskazini kwa nyota hana haja ya sumaku, hali yule aliyeketi ndani ya duka la mabati, na mkanda wa saa yake unafungwa kwa sumaku, anaweza kuoneshwa upande wa Kismayu.

Nisiwachoshe na mambo ya joto na chaji, ingawa yanastahili neno. Kampuni ya Apple, kwa saa zake za kawaida, hutangaza kwamba zimetengenezwa zitumike katika hewa yenye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Garissa huipita 35 mnamo Februari na Machi bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Hizo taa za kijani zilizo chini ya saa, ambazo hupenya ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo kwa kutazama damu inavyopita, nazo husumbuliwa na michoro iliyomo katika ngozi, kama watengenezaji wenyewe wanavyoonya. Na hapa kwetu ni arusi gani isiyo na hina iliyokolea mpaka kiwikoni? Bibi arusi asishtuke saa yake ikimwambia hana moyo. Kuhusu umeme nitasema hivi tu: Desemba 2019 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua hapa Garissa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, na umeme wake ukaingia katika gridi ya taifa. Jua ni letu. Lakini viko vijiji vingi vya Fafi, Lagdera na Ijara ambavyo havijaona nguzo, na mwenye saa inayotaka kuchajiwa kila usiku huwa amenunua deni la kila siku kwa mwenye paneli.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katika eneo hili saa ya mkono haijawahi kuwa pambo tupu. Ipo saa ya plastiki ya Casio, aina ya F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ambayo mamilioni ya watu duniani wameivaa kwa sababu ni rahisi na betri yake hudumu miaka. Haina ujanja wowote. Hata hivyo, nyaraka za jeshi la Marekani kuhusu mahabusu wa Guantanamo, zilizofichuliwa mwaka 2011, zilionyesha kuwa kuvaa saa hiyo kulihesabiwa kuwa mojawapo ya dalili za kumshuku mtu. Nayakumbusha haya ili ieleweke kwamba chombo kidogo mkononi kinaweza kusomwa na mwingine kwa maana ambayo mvaaji hakuikusudia. Kama saa isiyosema na mtu iliweza kumshuhudia mvaaji wake vibaya, sembuse hii inayoandika kila hatua?

Kwa maana inaandika. Saa janja huhesabu mapigo ya moyo, saa za kulala na kuamka, hatua, na, ikishirikiana na simu, njia ulizopita. Habari hizo hutoka mkononi kwenda simuni, na kutoka simuni huenda kwenye mitambo ya kampuni ambayo mara nyingi iko ng'ambo. Mwanzoni mwa mwaka 2018 dunia ilishtuka ilipoonekana kwamba ramani iliyochapishwa na kampuni ya Strava, iliyokusanya njia za watu wanaofanya mazoezi na vifaa vya mkononi, ilikuwa imechora waziwazi kambi za kijeshi katika Syria na Afghanistan. Askari walikuwa wakikimbia asubuhi kuzunguka kambi zao, na saa zao zikawa zinaziandika. Ikiwa majeshi yenye wataalamu yaliumbuka hivyo, mtu wa kawaida anayevuka daraja la Tana mara mbili kwa wiki atajificha wapi?

Nasikia msomaji wa Nyeri au Kisumu akiuliza: kwani mtu asiye na kosa anaficha nini? Swali hilo huulizwa na mtu ambaye daftari halijapata kumgeuka. Watu wa huku wana kumbukumbu nyingine. Sheria za hali ya hatari ziliwabana watu wa Kaskazini Mashariki tangu miaka ya vita vya Shifta, na hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mnamo 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walikaguliwa upya na kupewa kadi za rangi ya waridi ili wathibitishe kwamba ni Wakenya, jambo ambalo jirani zao hawakutakiwa kulifanya. Kisha likaja la alama za vidole. Wakati wa ukame wako wananchi waliokwenda kambini Dadaab, wakaweka vidole vyao kwenye mashine ili wapate posho ya chakula. Miaka ikapita. Watoto wakakua, wakaenda kuomba vitambulisho, wakaambiwa kwamba mashine inawajua: ni wakimbizi. Maelfu walikwama hivyo, hawana kura, hawana akaunti ya benki, hawana hata laini ya simu kwa jina lao wenyewe. Mashine haikusema uongo, kwani vidole vilikuwa vyao kweli. Ila mashine iliandika njaa ya mwaka mmoja kama uraia wa maisha. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha ukaguzi wa ziada wa waombaji vitambulisho katika kaunti za mpakani, na nafurahi kwamba nimeishi kuliona. Lakini aliyepoteza miaka kumi ya ujana wake kwa sababu ya kidole hawezi kulaumiwa akiuliza habari za kifundo chake zinapelekwa wapi.

Basi hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ambayo sitaitaja. Ajenda ya nne ilikuwa usalama. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amealikwa, akaweka mezani saa za watoto, ndogo, za kupendeza. Alieleza kwamba kila mwanafunzi angevaa moja, na mzazi akiwa dukani kwake angefungua simu na kumwona mtoto wake yuko wapi. Zaidi ya hayo, alisema, mzazi angeweza kubonyeza mahali na kusikiliza yanayosemwa karibu na mtoto bila ya mtoto kujua. Watu walipiga makofi. Mzazi mmoja, mama mtu mzima ambaye namheshimu, aliponiona nimenyamaza aliniambia, "Mwalimu, wewe umesahau chuo kikuu?"

Sikusahau, na hakuna aliyesahau. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, na mpaka jioni watu 148 walikuwa wameuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Nilimjibu mama huyo kwa adabu, na hapa narudia jibu langu kwa urefu kidogo, kwa kuwa siku ile hapakuwa na nafasi ya kulimaliza. Siku hiyo ya mwaka 2015 serikali haikukosa kujua wanafunzi wako wapi. Kenya nzima ilijua. Walikuwa mabwenini, umbali mfupi tu kutoka katikati ya mji. Wengi wao walikuwa na simu. Kilichokosekana ni msaada kufika kwa wakati, kwani kikosi maalumu cha Recce kilifika mchana, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Alama ya buluu inayometameta katika ramani ya simu ya mzazi isingeupunguza mwendo huo hata kwa dakika moja.

Tena tujiulize juu ya chombo chenyewe. Saa hizi za watoto si sawa na zile nilizozieleza mwanzoni. Nyingi hazitegemei simu iliyo mfukoni, kwa kuwa mtoto hana simu. Zina laini yake ndani, kama simu kamili iliyokatwa ikawa ndogo. Husikia setilaiti angani na kukadiria mahali zilipo. Kusikia huko hakuhitaji mnara. Katikati ya nyika, mbali na kila kitu, saa inaweza kujua iko wapi. Lakini kujua si kusema. Ili ikuarifu wewe mzazi lazima ipate mnara wa simu, na hapo ndipo mpango mzima unapokwama katika kaunti zetu. Minara ya Garissa, Wajir na Mandera imelipuliwa mara kwa mara kwa makusudi, ili watu wasiweze kuita msaada. Januari 2020, Kamuthe, katika kaunti hii hii yetu, washambuliaji waliharibu mnara na kuwaua walimu watatu usiku mmoja. Anayepanga kuvamia shule huanza na mnara. Saa iliyomo mkononi mwa mtoto itakuwa inajua kila kitu na haimwambii yeyote, na mzazi atakuwa ametulia dukani kwake akiitazama alama ya buluu ya saa tatu zilizopita.

Bado sijasema lililo baya zaidi. Oktoba 2017 Baraza la Walaji la Norway lilitangaza kwamba limechunguza saa za watoto na kukuta kuwa mgeni mwenye ujuzi wa kiasi angeweza kuziingilia baadhi yake, akamfuata mtoto, na hata kuwasiliana naye. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zinazoweza kusikiliza kwa siri, ikazihesabu kuwa vyombo vya upelelezi, na kuwataka wazazi waziharibu. Mamlaka hiyo ilieleza kwamba wako wazazi waliokuwa wakizitumia kuwasikiliza walimu darasani. Februari 2019 Tume ya Ulaya ikaamuru saa moja ya aina hiyo, Safe-KID-One ya kampuni ya Enox, irudishwe kutoka kwa wanunuzi, kwa kuwa habari zake zilisafiri bila kufungwa kwa siri yoyote, na mwovu angeweza kuzisoma na kubadilisha mahali mtoto anapoonekana. Ile sifa ambayo ilipigiwa makofi katika mkutano wetu ndiyo hiyo hiyo iliyoharamishwa Ujerumani. Sisi tunaogopa watu wanaotafuta kujua watoto wetu wanakaa bweni gani na wanatoka darasani saa ngapi. Je, tuwaandalie habari hizo sisi wenyewe, tuzihifadhi katika mtambo ambao hatujui uko nchi gani, na tulipe kila mwezi?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya na za maumbile ya mwili kuwa nyeti, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto, tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto mwenyewe, na inaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Iko ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na shule inayotaka kuwavisha watoto vyombo hivi inaweza kuiandikia na kuuliza. Makofi ya wazazi ukumbini si idhini. Idhini ni kwanza mtu aelezwe anakubali nini, kwa lugha anayoielewa, iwe Kisomali au Kiswahili.

Wako watakaosema kwamba napinga maendeleo, na kwamba watu wa mbali daima hunyimwa vitu vizuri kwa kisingizio cha kulindwa. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeisikia ikitumiwa dhidi ya barabara na dhidi ya vyuo. Mtu mzima aliyefanya kazi akapata fedha zake avae apendacho, ahesabu hatua zake, na mwenye shinikizo la damu aone moyo wake unavyokwenda ili apate la kumweleza daktari. Ninachokataa ni kumfunga chombo mtoto asiyeulizwa, kwa hofu ambayo chombo hicho hakiwezi kuiponya. Katika mkutano ule nilikadiria haraka kwamba fedha zilizoombwa kwa kila mtoto, zikijumlishwa, zingejenga ukuta upande wa mto, ambako mpaka leo pana michongoma tu, na kuweka taa za jua pembe zote nne. Mwenyekiti aliandika pendekezo hilo kwenye daftari. Uamuzi wa saa ukaahirishwa mpaka muhula ujao.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia mfanyabiashara yule maswali matatu katika karatasi. Habari za watoto zitahifadhiwa nchi gani, na kwa muda gani? Nani mwingine, mbali na mzazi, anaweza kuziona? Na kampuni ikifilisika au mkataba ukiisha, ni nani atakayezifuta? Alizisoma zote pale pale, akaikunja karatasi vizuri akaitia mfukoni, akaahidi kunijibu kwa simu. Alinipigia baada ya siku tisa. Aliniarifu kwamba saa hizo zinapatikana kwa rangi mbili, buluu na waridi.